Risasi Isitiwe Kwenye Mdila wa Kahawa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika majuzi akilalamika kwamba mafundi wa jua kali wa hapa Nairobi wamekuwa wavivu, kwamba hawachomelei tena vyuma bali wanaviunga kwa risasi, kwa shaba na hata kwa gundi, na kwamba kiungo ambacho hakikupitia moto wa kuyeyusha chuma chenyewe ni ulaghai mtupu. Uchungu wake naufahamu, kwa kuwa hakuna anayefurahi kulipia kazi leo ikaachana kesho. Lakini hukumu aliyoitoa si sahihi, na naogopa kwamba wateja wakiishika watazidi kutulazimisha kuchoma vitu visivyofaa kuchomwa, huku jambo moja lenye hatari ya kweli, ambalo yeye hakuligusa, likiendelea kupita mikononi mwetu na kuingia vikombeni mwa watu.

Mimi nilianza kazi ya vyuma Kamukunji mwaka 1998, kwenye vibanda vya mafundi wa masanduku, majiko na makarai, mahali ambapo nyundo hazinyamazi tangu asubuhi hadi magharibi. Tangu 2004 niko Kariobangi Light Industries, na sehemu kubwa ya riziki yangu inatokana na kuunga vitu bila kuviyeyusha: mabomba ya friji, vyombo vya shaba, rejeta za magari ya zamani, na vipande vya alumini ambavyo gundi pekee ndiyo inayovifaa.

Kuchomelea ni kuyeyusha kingo za vyuma viwili zichanganyike na kuwa kitu kimoja. Kulehemu ni jambo jingine. Vyuma vinavyoungwa hubaki vigumu, na kinachoyeyuka ni lehemu, yaani madini ya tatu yanayoyeyuka kwa joto dogo zaidi, ambayo hupenya katikati ya vile viwili na kuvishika yanapopoa. Wataalamu wameweka mpaka kwenye nyuzi 450 za Selsiasi: lehemu inayoyeyuka chini ya hapo ni ile laini, kama ya bati na risasi, na inayoyeyuka juu ya hapo ni ile ngumu ya shaba au ya fedha. Gundi haihitaji moto wowote wa maana, nayo hushika kwa kugandamana na uso wa chuma.

Sasa, kwa nini mtu aache kuyeyusha chuma chenyewe? Tuchukue shaba ya manjano, ambayo ndiyo midila mingi ya kahawa imetengenezwa nayo. Shaba hiyo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na zinki huchemka na kugeuka mvuke kwenye nyuzi 907, joto ambalo linakaribiana sana na lile la kuyeyusha shaba ya manjano yenyewe. Fundi akiielekezea moto wa kuchomelea, zinki huanza kutoka kama moshi mweupe kabla kazi haijashika, na kiungo kinabaki na vitundu kama mkate wa sinia ulioiva vizuri. Yule mteja aliyesisitiza "chomelea, fundi, usinitie lehemu" atarudi na chombo kinachovuja na kifua cha fundi kitakuwa kimevuta mvuke wa zinki, ambao humtia mtu homa na kutetemeka usiku kucha kana kwamba ana malaria. Vivyo hivyo huwezi kuchomelea bomba jembamba la shaba kwenye kipande cha chuma cha pua ukatarajia vikubaliane, kwa sababu joto la kuyeyukia la kila kimoja ni mbali na la mwenzake. Lehemu ya fedha huviunga viwili hivyo bila kumyeyusha yeyote.

Nguvu ya kiungo cha lehemu haitokani na wingi wa lehemu iliyorundikwa juu yake. Hili ndilo kosa ambalo nimelisahihisha kwa vijana wengi kuliko kosa lolote jingine. Lehemu hupanda katika upenyo mwembamba kati ya vyuma viwili jinsi mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi, bila kusukumwa na mtu. Upenyo ukiwa mpana, haipandi, na ukiwa umebanwa mno, haipati njia. Kwa lehemu ngumu, upenyo unaofaa ni kama milimita 0.05 hadi 0.15, na mimi hutumia karatasi ya daftari la shule kuwa kipimo, kwa kuwa unene wake unakaribia milimita 0.1. Kisha lazima kipande kimoja kikae juu ya kingine, au bomba liingie ndani ya bomba, kwa urefu usiopungua mara tatu ya unene wa kile chembamba zaidi. Ukiunga ukingo kwa ukingo umeitegemea lehemu iliyo dhaifu kuliko chuma. Ukivipandanisha inavyotakiwa, chuma ndicho kitakachokatika kwanza na kiungo kibaki.

Moto nao una adabu yake. Fundi hupasha kazi, hapashi fimbo. Akiyeyusha fimbo kwa ncha ya moto na kuidondosha juu ya chuma baridi, lehemu itakaa juu kama nta ya mshumaa na kubanduka kwa ukucha. Kazi ikipata joto sawasawa pande zote mbili, fimbo ikiigusa tu huyeyuka na kukimbilia ndani, na mtu huona mstari mwembamba unaong'aa ukitokeza upande wa pili. Kwa kazi ya shaba na boraksi, ule unga mweupe unaoukinga uso wa chuma usipate kutu unapopashwa, boraksi yenyewe humwelekeza fundi, maana kwanza huumuka kama povu, kisha hutulia na kuwa angavu kama kioo kilichomiminwa, na hapo chuma kimekwisha kuwa chekundu na kazi iko tayari. Masonara wa Lamu na Mombasa wanalijua hili tangu enzi za mababu zao, na dhahabu iliyochimbuliwa kwenye makaburi ya Uru, huko Iraki, iliungwa kwa lehemu yapata miaka 4,500 iliyopita. Huu si ujanja wa kibanda cha Kamukunji.

Usafi ndio nusu ya kazi, na pengine ni zaidi ya nusu. Mafuta huondolewa kwanza, kisha kutu kwa msasa au tupa, kisha hupakwa fluksi ili hewa isiupe uso wa chuma kutu mpya wakati wa kupashwa. Kazi ikiisha, fluksi hiyo huoshwa kwa maji moto, kwa sababu nyingi zina chumvi zinazoendelea kukila chuma kimyakimya. Fundi anayeruka hatua hizi ndiye aliyemuudhi msomaji wetu. Angelalamikia haraka hiyo ningemuunga mkono kwa mikono miwili.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Mwaka 1999, nikiwa bado mwanafunzi wa kazi, mzee mmoja aliyekuwa akiuza kahawa chungu Majengo alinijia na mdila wake wa shaba uliokuwa ukivuja penye mdomo. Nilimwamkia, nikaupokea, na kwa kuwa mwalimu wangu hakuwapo siku hiyo, nilichukua kipande cha lehemu tuliyokuwa tukizibia rejeta, nikausafisha mdomo kwa asidi, nikauunga. Uling'aa kama fedha. Mzee alinilipa akaniombea dua. Baada ya kama miezi mitatu alirudi akiwa ameubeba mdomo mkononi na mdila kwapani, kwa maana alikuwa ameuacha juu ya makaa akaenda kuswali, kahawa ikakauka, na mdomo ukaanguka wenyewe. Lehemu ile ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Maadamu kuna kahawa ndani, maji huushikilia mdila karibu na nyuzi 100 na kiungo kinadumu, lakini yakikauka, makaa hayaulizi. Niliuunga tena kwa lehemu ile ile, kwa nia njema kabisa, nikamwonya asiuache ukauke.

Miaka kadhaa ilipita kabla sijahudhuria mafunzo mafupi ambako mwalimu alitueleza kwa kirefu juu ya risasi mwilini, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuanguka kwa ule mdomo kulikuwa dhara dogo kuliko yote niliyomtendea mzee yule. Kwa miezi yote ile kahawa ya moto, yenye uchachu wake wa asili na tangawizi iliyopondwa, ilikuwa ikipita juu ya risasi kila ilipomiminwa, na waliokunywa walikuwa wengi, kuanzia yeye mwenyewe, wapiga bao wa mtaani, hadi watoto waliotumwa kuinunua kwa vikombe. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Risasi huingia mifupani ikakaa miaka mingi, hupandisha shinikizo la damu kwa watu wazima, na kwa watoto huidhuru akili inayokua kwa namna ambayo hairudishwi na dawa. Haina ladha wala harufu, na aliyeinywa hajui. Nimelibeba jambo hilo moyoni muda mrefu, na ndiyo sababu naliandika bila kuficha kwamba mkono uliofanya hivyo ulikuwa wangu.

Sisi Wakenya hatuna kisingizio cha kusema hatukusikia. Mtaa wa Owino Uhuru huko Mombasa ulitufundisha kwa uchungu, pale kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilipowatia sumu ya risasi wakazi waliokuwa wakiishi jirani nacho, hata Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Kipande cha lehemu penye mdomo wa mdila ni kidogo mno kukilinganisha na kiwanda, lakini kinagusana na kinywaji kila siku. Marekani ilikataza lehemu yenye risasi kwenye mabomba ya maji ya kunywa tangu 1986. Umoja wa Ulaya ukaiondoa kwenye vifaa vingi vya umeme kuanzia Julai 2006. Sielewi kwa nini sisi tuendelee kuitia kwenye chombo cha kahawa.

Wateja wengi huniuliza watajuaje. Lehemu ya dukani huja imezungushwa kwenye kigurudumu chenye maandishi, na maandishi hayo husomeka hata na asiyesoma Kiingereza. Sn ni bati. Pb ni risasi. Ukiona 60/40, bati ni asilimia 60 na risasi 40, na ukiona 63/37 ni hivyo hivyo. Lehemu isiyo na risasi huandikwa Sn pamoja na Cu, yaani shaba kidogo, au Ag, yaani fedha kidogo, na ile ya bati na shaba huyeyuka kwenye nyuzi 227. Fimbo nene zisizo na maandishi, hasa zile zinazoyeyushwa upya kutoka kwenye rejeta na betri kuukuu, zisikaribie chombo cha kula wala bomba la maji. Mteja ana haki ya kumwambia fundi amwonyeshe kigurudumu kabla moto haujawashwa, na fundi asilichukue hilo kuwa matusi.

Kwa mdila hasa, kazi inayostahili ni lehemu ya fedha. Ile yenye fedha asilimia 45 hivi huyeyuka kati ya nyuzi 640 na 680, chini sana ya joto linaloiharibu shaba ya manjano, na mdila ukikaukia makaani mdomo hauanguki. Ni kweli kwamba fimbo ya fedha ni ghali, na naijua vyema bei yake kwa sababu huinunua kwa pesa zangu. Hata hivyo mdomo wa mdila hauli fimbo nzima, unakula kipande kisichozidi kidole gumba, ikiwa fundi ameubana upenyo inavyotakiwa. Ndani nako, kama bati lililopakwa na mtengenezaji limekwisha, lipakwe bati jipya lililo safi, lisichanganywe na risasi ili lionekane jingi.

Kuna tahadhari moja juu ya fedha hiyo ambayo siwezi kuiacha. Fimbo za zamani, na baadhi ya zile zinazouzwa kwa bei ya chini, zimetiwa kadimiamu ili ziyeyuke upesi. Kadimiamu huchemka kwenye nyuzi 765, na moshi wake haumwashi mtu sana anapouvuta, bali humrudia baada ya saa kadhaa kwa kifua kubana na homa, na umewahi kuua mafundi duniani. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika fimbo za kulehemu mwaka 2011. Alama yake ni Cd. Fundi akiiona airudishe dukani.

Na kwa vijana wa Luthuli Avenue na River Road wanaotengeneza simu na redio kutwa nzima juu ya pasi ya kulehemu, nawaambia kwa upendo kwamba ule moshi mweupe wanaoukwepa si risasi. Ni utomvu wa msonobari ulio ndani ya waya wa lehemu, nao huleta pumu, kwa hiyo feni ndogo ya kuupeleka kando inafaa sana. Risasi yenyewe, kwa joto la pasi, haiwi mvuke wa kutisha. Inawaingia kupitia vidole. Mtu anashika lehemu asubuhi yote, kisha anamega chapati bila kunawa. Sabuni na maji kabla ya chakula vina kazi kubwa hapo kuliko kitambaa puani. Wa rejeta, wao wanaotumia moto wa gesi uliopita kiasi, wana sababu ya kuogopa vyote viwili.

Friji nitaigusa kwa kifupi, ingawa ndiyo kazi yangu kubwa. Bomba la shaba kwa bomba la shaba huungwa kwa fimbo ya shaba yenye fosforasi asilimia 7 hivi, ambayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 710 na haihitaji fluksi, kwa sababu fosforasi yenyewe huiondoa kutu ya shaba. Uzuri huo umewafanya vijana waitumie kila mahali, hata palipo na bomba la chuma, na hapo hugeuka adui, kwa kuwa fosforasi ikikutana na chuma hutengeneza tabaka gumu linalovunjika kama kigae. Kijana wangu mmoja aliunga hivyo bomba la kompresa, likapita majaribio yote, na baada ya wiki mbili za mtetemo likakatika usiku, nyama ya mteja ikaharibika, nami nikailipa. Palipo na chuma, tumia fedha na fluksi. Jambo la pili ni kwamba friji nyingi za sasa zina gesi ya R600a, ambayo ni isobutani, ndugu wa ile gesi tunayopikia. Asithubutu mtu kufungua bomba lake kwa moto. Gesi itolewe nje penye upepo, bomba likatwe kwa kikata bomba, na wakati wa kulehemu ipitishwe naitrojeni polepole ndani yake, la sivyo magamba meusi yatakayojitengeneza humo yataziba ule mrija mwembamba kabla ya mwezi kwisha.

Nije kwenye gundi, ambayo msomaji wetu aliidharau kuliko vyote. Anapaswa kujua kwamba vyuma vya ndege vimeungwa kwa gundi tangu miaka ya 1940. Huko Duxford, Uingereza, Norman de Bruyne na wenzake walitengeneza mwaka 1941 gundi ya kuunga vyuma ambayo baadaye ilitumika kwenye ndege za de Havilland, na hadi leo mabamba ya alumini ya ndege huunganishwa kwa gundi za aina mbalimbali. Gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa, ikipakwa vizuri kwenye alumini iliyosuguliwa, inaweza kustahimili karibu newtoni 15 kwa kila milimita moja ya mraba inapovutwa kwa mkabala, yaani vipande viwili vilivyopandana vikivutwa kila kimoja upande wake, sambamba na uso ulioungwa. Vipande viwili vilivyopandana kwa milimita 25 kwa 12 tu vitahimili mvuto wa uzito wa kilo 450 hivi, sawa na magunia matano ya mahindi ya kilo 90, japo kipimo hicho ni cha mvuto wa mara moja katika maabara, na mzigo wa kudumu lazima uwe mdogo sana kuliko huo.

Lakini ivute gundi hiyo hiyo kutoka pembeni, jinsi unavyomenya ndizi, na itabanduka kwa vidole viwili. Kuimenya ndiko kunakoiua. Fundi anayejua gundi huipanga kazi ili mzigo uvute kwa mkabala, huipandanisha kwa upana, na pembeni huweka msumari wa ribiti mmoja kuzuia mwanzo wa kubanduka. Usafi nao una kipimo chake rahisi: mwaga maji safi juu ya chuma ulichokisugua, na yakitandaa kama shuka, paka gundi baada ya kukikausha, ila yakijikusanya matone kama juu ya jani la nduma, bado kuna mafuta, rudia. Kisha subira. Gundi ya epoksi ya kawaida huandikwa saa 24 kwenye pakiti na mteja hurudi baada ya saa moja. Baridi ya Julai hapa Nairobi huichelewesha zaidi, na mimi huiweka kazi karibu na taa yenye joto.

Mahali pa kuikataa gundi ni palipo na joto. Epoksi za kawaida hulegea kuanzia nyuzi 60 hadi 80 hivi, kwa hiyo haifai sufuria, haifai bomba la kutolea moshi, na haifai kabisa kurudishia vitambaa vya breki vilivyobanduka. Nasema hivi kwa sababu nimeona ikifanywa kando ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan. Ni kweli vitambaa vya breki vingi hutoka kiwandani vimeungwa kwa gundi, lakini hiyo ni gundi nyingine, iliyopikwa kwa joto kali huku imebanwa, na breki ya matatu inayoteremka kwenye mteremko hupita nyuzi 200. Aliyeibandika kwa mirija miwili ya dukani amewaweka abiria rehani.

Ninachoomba, Mhariri, ni mambo mawili. Kwanza, wale wanaotunga mitihani ya ufundi ya NITA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, kuanzia Gredi ya III hadi ya I, na wale wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uhitimu wanaosimamia upimaji wa mafundi waliojifunzia kazi vibandani ili wapewe vyeti, waupe ulehemu na gundi nafasi yake kamili pamoja na kuchomelea, na swali la kwanza kwa fundi liwe juu ya kile ambacho kiungo kitabeba: joto, mzigo, au kinywaji. Fundi akijibu hilo sawasawa, njia itakuja yenyewe. Pili, naliomba gazeti lako lifungue safu ya ufundi kwa Kiswahili. Karatasi za maelezo zinazokuja na fimbo na gundi huandikwa kwa Kiingereza au Kichina, na kijana aliyeishia darasa la nane huzitumia kufungia karanga, ilhali onyo la kadimiamu limo humo humo.

Kwa walio na midila iliyokwisha kutiwa risasi, wasiitupe. Risasi yote lazima iondolewe kwanza, kwa kupasha taratibu na kufuta kwa kitambaa kinene mahali penye hewa, kisha kwa tupa hadi shaba yenyewe itokeze, kwa kuwa hata masalia kidogo ya risasi huifanya lehemu ya fedha iwe dhaifu na kupasuka. Vumbi la tupa likusanywe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe. Mdila ambao risasi imekwisha kupenya kwenye mishono yake yote uwekwe sebuleni uwe pambo, na kahawa ipikwe katika mwingine.

Wako mwaminifu,
Fundi wa vyuma,
Kariobangi, Nairobi